Macho ya Mtoto Hayasubiri

Katika safari yetu ya hivi karibuni wilayani Rungwe tulikaribishwa nyumbani kwa bibi mmoja, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Baada ya salamu na chai, bibi yule aliingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na picha moja tu, ya mjukuu wake wa kiume aliyefariki kwa homa kabla hajatimiza miaka mitatu. Mtoto amesimama mbele ya migomba, ameinua mkono mmoja. Mistari ya jani la mgomba lililo nyuma yake yote yahesabika, na hata tone la maji kwenye ncha ya jani hilo linaonekana. Uso wa mtoto ni ukungu mtupu.

Bibi alituuliza kama huko mjini yupo fundi awezaye kuufuta ukungu ule. Ilitubidi tumwambie kweli. Kile ambacho lenzi haikukishika siku ile, hakuna fundi wa kukirudisha. Mitambo ya siku hizi yaweza kumchorea uso mwingine mzuri sana, lakini huo hautakuwa uso wa mjukuu wake. Bibi alisema “ndaga”, akairudisha picha kwenye bahasha.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukizitazama kwa makini zaidi picha za watoto ambazo wasomaji wetu hutuletea: za ubatizo na maulidi, za mahafali ya shule za awali, za mavuno na za michezo ya uwanjani. Nyingi tumeshindwa kuzichapisha kwa sababu moja, nayo ni kwamba nyuso hazionekani sawasawa. Hapana shaka waliozipiga walikuwa na nia njema, na wengine walikuwa na vyombo vya thamani kubwa. Lililokosekana ni maarifa machache ambayo kila mzazi, mwalimu na mpiga picha wa mtaani anaweza kujifunza kwa siku moja. Leo tumeona yafaa tuyaeleze.

USHAHIDI

Wapo watakaosema kwamba picha ni anasa, na kwamba wilaya yenye kazi ya chai, viazi, ndizi na maparachichi ina mambo makubwa zaidi ya kujadili. Tunawakumbusha jambo lililotokea papo hapo Rungwe. Mwaka 2003, katika misitu ya mlima huo, wataalamu walianza kumfuatilia mnyama wa jamii ya nyani ambaye wenyeji walikuwa wakimtaja kwa jina la kipunji. Alipotangazwa rasmi kwa ulimwengu mwaka 2005, wataalamu hawakuwa na ngozi wala mifupa ya kuweka mezani. Walitegemea picha zilizopigwa porini. Kama picha hizo zingekuwa za ukungu, nani angesadiki?

Basi ikiwa picha yaweza kuwa shahidi wa mnyama wa msituni, yaweza pia kuwa shahidi wa mtoto wa binadamu, ambaye sura yake hubadilika kila mwezi. Mtu mzima akipigwa vibaya leo, atapigwa tena mwakani na atakuwa karibu yule yule. Mtoto wa miaka miwili hana mwakani wa namna hiyo, kwani meno yataota, mashavu yatapungua, na yule aliyesimama mbele ya migomba hatakuwapo tena hata kama yu mzima wa afya.

TULIKOTOKA

Ugumu huu ni wa zamani. Ufundi wa Daguerre ulipotangazwa huko Ufaransa mwaka 1839, picha moja ilihitaji dakika kadhaa za kutulia tuli. Watu wazima waliwekewa chuma nyuma ya shingo ili wasitikisike. Watoto walishikwa na mama zao ambao wenyewe walifunikwa shuka, waonekane kama kiti. Ufundi ulipoendelea, dakika ziligeuka sekunde, na sekunde zikagawanywa vipande. Mwaka 1977 Wajapani wa Konica walitoa kamera ya kwanza ya kawaida iliyojilenga yenyewe. Siku hizi simu ya mkononi huutafuta uso wa mtu bila kuambiwa.

Hata hivyo mtoto hakubadilika. Anakimbia, anageuka, anapiga chafya na kuinua mkono pale pale kidole kinapobonyeza kitufe. Chombo kimekuwa chepesi kuliko zamani, lakini anayekishika bado hana budi kujua anachokitafuta.

MAKOSA MANNE

Picha ya ukungu ina sababu nne kubwa, na kila moja huacha alama yake. Tunawashauri wasomaji wachukue picha zao zilizoharibika wazisome kama vile daktari asomavyo dalili za mgonjwa.

Ya kwanza, mtoto alisogea. Hapo nyumba na miti huonekana wazi, ila mkono au kichwa cha mtoto kimevutika kama mstari. Ya pili, mkono wa mpiga picha ulitikisika. Hapo kila kitu kimevutika upande mmoja, mtoto pamoja na nyumba. Ya tatu, lenzi ililengwa mahali pengine. Mtoto hana mistari ya kuvutika, bali amekuwa laini kama pamba, na kitu kingine, kilicho mbele yake au nyuma yake, kimekuwa wazi kupita kiasi. Hilo ndilo kosa la picha ya bibi yetu: jani la mgomba lilipewa heshima iliyomstahili mtoto. Ya nne, lenzi ilikuwa chafu au imepata mvuke, na picha nzima ina utando wa maziwa, hasa penye mwanga.

Aliyetambua dalili ameshapata nusu ya dawa. Anayenunua kamera mpya ilhali tatizo lake ni alama ya kidole kwenye lenzi, atapoteza fedha zake bure.

MAWINGU YA RUNGWE

Mpiga picha wa Rungwe hufanya kazi katika hali ambayo vitabu vingi vya ufundi huu havikuiwazia. Mji wa Tukuyu uko juu takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake mlima wapanda hadi karibu mita 3,000. Mvua inayonyesha kwa mwaka hupita milimita 2,000, na mwezi wa Aprili huweza kwisha bila jua kuonekana vizuri. Hata zisipokuwa siku za mvua, ukungu huteremka asubuhi na kulala juu ya mashamba ya chai.

Sasa tupige hesabu. Mwanga wa wingu zito ni takriban moja ya nane ya mwanga wa jua kali. Kwa filamu ya wepesi wa 100, au kamera ya kisasa iliyowekwa kwenye namba hiyo, tundu la lenzi likiwa 5.6, jua kali huruhusu shata, yaani kipazia kinachofunguka na kufunga ndani ya kamera, kufanya kazi kwa sehemu moja ya 800 ya sekunde. Wingu likifunika, lenzi ile ile itahitaji sehemu moja ya 100. Mtoto anayekimbia mita mbili kwa sekunde husogea sentimita mbili nzima katika muda huo, karibu upana wa jicho lake. Katika sehemu moja ya 800 angesogea milimita mbili na nusu tu.

Dawa ni kuongeza wepesi kutoka 100 hadi 800, ili kasi irudi pale ilipokuwa. Ni kweli kwamba picha itakuwa na chembechembe kidogo. Chembechembe husameheka, bali jicho lililovutika halisameheki. Kwa mtoto aliyeketi, sehemu moja ya 125 yatosha. Kwa anayetembea, moja ya 250. Kwa anayekimbia au kuruka, tusishuke chini ya moja ya 500.

Tusidhani pia kwamba jua kali ndilo jawabu. Rungwe iko kiasi cha nyuzi tisa kusini mwa Ikweta, na katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Wakati huo macho ya mtoto huwa mashimo mawili meusi chini ya paji la uso, naye hukunja uso kwa mwanga. Wingu jepesi la saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri ni rafiki mkubwa kuliko jua la saa sita.

Mahali pa kusimama nako kuna umuhimu wake. Ndani ya migomba mna giza na rangi ya kijani inayopaka nyuso. Mtoe mtoto hadi ukingoni mwa shamba, au barazani chini ya upenu, umgeuzie mahali penye anga wazi. Utaona nukta nyeupe iking'aa ndani ya mboni zake. Nukta hiyo ni pambo la uso, na tena ni mlango wa kamera. Kamera inayojilenga hutafuta mahali ambapo weusi na weupe vinakutana, na kwenye uso uliojaa kivuli huhangaika, kisha hukimbilia ukosi mweupe wa shati au jani lenye maji. Ukiipa nukta ya jicho, itaishika.

Tuongeze neno juu ya ngozi zetu. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, maabara za filamu za rangi zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi zikatoka kama vivuli. Vyombo vya leo ni bora, lakini ukimweka mtoto mbele ya ukungu mweupe au ukuta wa chokaa, kamera itaona weupe mwingi na kumtia giza. Mweke mbele ya kitu chenye rangi iliyoiva, kama ua la majani, mlango wa mbao au ukuta wa udongo, na uso utajitokeza wenyewe.

UKANDA MWEMBAMBA

Wenye kamera kubwa hufurahia lenzi zenye tundu pana, kwa sababu huacha nyuma pawe laini na kupendeza. Wajue gharama yake. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya filamu ya kawaida, tundu likiwa 1.8 na mtoto akiwa umbali wa mita moja na nusu, huonyesha wazi ukanda wa kiasi cha sentimita 10 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Mtoto akiinama kuokota jiwe ameshatoka nje ya ukanda. Punguza tundu hadi 5.6, nao utafikia sentimita 30 hivi. Au rudi nyuma hadi mita tatu kwa tundu lile lile la 1.8, nao utakaribia sentimita 40, kwani umbali ukiongezeka maradufu, ukanda huongezeka kiasi cha mara nne.

Lenga jicho, na kama mtoto ameugeuza uso, lenga lile lililo karibu nawe. Sikio likiwa laini hakuna atakayelalamika. Jicho likiwa laini, picha imekufa.

Wenye simu wana nafuu hapa, maana lenzi ndogo huwa na ukanda mpana. Kwao adui mkubwa ni mwendo na uchafu. Simu hukaa mfukoni pamoja na sarafu, huandikiwa ujumbe na mikono yenye mafuta ya maandazi, kisha hutazamiwa iwe safi. Ifute lenzi kwa kitambaa laini cha pamba kabla ya kila picha. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo ili simu ijue unachokitaka. Usivute picha kwa vidole; sogea kwa miguu. Zima utaratibu wa picha za usiku, kwa sababu huo huacha mwanga uingie kwa muda mrefu. Piga picha tano kwa mfululizo, uchague moja.

Mvuke nao ni wa kuangaliwa katika nchi ya baridi. Kamera iliyokuwa nje alfajiri ikiingizwa jikoni penye moto na chungu kinachochemka, lenzi hujaa maji kama kioo cha basi. Iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba. Na isifungiwe kabatini miezi yote ya masika bila kupata hewa, kwani kuvu huota hata ndani ya lenzi, na ukishaota hautoki kwa kitambaa.

HESHIMA KWA MTOTO

Yote tuliyoyasema ni kazi bure kama mpiga picha hajui kukaa na watoto. Tumewaona wengi wakisimama wima na kumwamuru mtoto: “Simama! Nyamaza! Cheka!” Mtoto akiamriwa hivyo hukakamaa, kisha hukimbia. Picha ya kutoka juu huonyesha utosi na kumfanya mtoto aonekane mnyonge. Piga goti kwenye nyasi, hata kama zina umande. Macho yako yakiwa sawa na yake, lenzi huwa sambamba na uso wake, na uso wote huingia katika ule ukanda mwembamba.

Mpe kazi ya kufanya. Mtoto anayemenya ndizi, anayepanga mawe au kumlisha kifaranga hutulia mahali pamoja kwa dakika nzima, na uso wake ni wa kweli kuliko wa mtoto aliyeambiwa acheke. Anayekimbia kuja kwako ndiye mgumu kuliko wote, maana umbali hubadilika kila nukta. Lenga mapema mahali atakapopita, kwenye jiwe au mstari wa njia, ungoje. Anayebembea kwenye kamba husimama kidogo kila afikapo mwisho wa bembea, kabla ya kurudi. Anayeruka naye husimama hewani kileleni. Ukijifunza kungoja nukta hizo, hata kamera ya zamani itakutosha. Wahenga walisema subira yavuta heri, na katika kazi hii heri yenyewe ni jicho lililo wazi.

Heshima ina upande wa pili. Mtoto asipigwe picha bila mzazi au mlezi wake kuridhia, wala asipigwe akiwa uchi, akiwa mgonjwa au katika aibu, picha zikasambazwa kwa watu asiowajua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda utu wa mtoto na siri zake, na kamera haina ruhusa ya kuivunja. Picha iliyo wazi humtambulisha mtu, na kwa hiyo yapaswa kulindwa zaidi kuliko ile ya ukungu.

PENDEKEZO LETU

Kwa walimu wa shule za awali na viongozi wa nyumba za ibada wilayani Rungwe tuna ombi. Siku ya mahafali au ubatizo, picha za watoto zipigwe mapema, kabla hawajachoka na kabla jua halijafika utosini. Patengwe mahali penye kivuli wazi, mbali na migomba, na watoto waje watatu watatu badala ya thelathini kwa mara moja.

Kwa wapiga picha wa mitaani, ambao jasho lao tunaliheshimu, ombi letu ni moja tu. Msiondoke kabla mzazi hajaiona picha. Ifungueni kwenye kioo cha kamera, ikuzeni mpaka jicho la mtoto lijae kioo kizima, na mhesabu kope. Zikionekana, pokeeni ujira wenu kwa halali. Zisipoonekana, mtoto bado yupo pale, mwanga bado upo, pigeni tena. Dakika hiyo moja ya ziada haipatikani tena kesho.

Na kwa wazazi: picha ikiwa nzuri, isafishwe kwenye karatasi. Simu huibiwa, huanguka mtoni, hufa bila kuaga. Andika nyuma ya picha kwa penseli jina la mtoto, siku, mwezi na mwaka, kisha uiweke mahali pakavu.

Picha ya mjukuu wa bibi yule haiwezi kurekebishwa, nasi hatukumpa matumaini ya uongo. Lakini wakati tunaagana naye, mjukuu wake mwingine, msichana wa miaka minne hivi, alikuwa amekaa kizingitini akimenya ndizi, ametazama nje penye mwanga. Bibi alitutazama, akamtazama mtoto. Tulifuta lenzi, tukapiga goti.